Visima Tisini na Sita

Nimezima feni. Upepo hauna adabu juu ya sahani.
Jasho lashuka mgongoni nami siwezi kujikuna:
glavu zi mikononi, pipeti i wima,
na chini yangu visima tisini na sita,
kila kimoja kinywa chake upana wa punje ya kunde.

Kule Shela watu huonja kabla ya kuteka:
hiki kitamu, hiki kina chumvi, hiki cha kuogea tu.
Mimi hapa sionji.
Dawa ya kwanza, kwa macho, ni maji.
Dawa ya pili ni maji.

Ya kwanza naishusha mstari kwa mstari:
nzima, nusu, robo, thumuni,
nusu ya thumuni, na baada ya hapo
maneno yananiishia, nashika tarakimu.
Ya pili yaenda kwa upana, vivyo hivyo,
hata kila nguvu ya hii ikutane na kila nguvu ya ile.
Ila kona ya mwisho, H kumi na mbili,
haitiwi kitu. Seli na chakula chao, basi.
Bila fukara huyo hatutajua nani ametajirika.

Babangu Shekuwe hushona kofia, Langoni,
uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, vitobo mamia.
Nilimuuliza hufanyaje asipotewe na hesabu.
"Napotewa," akasema. "Kisha nafumua."

Mstari wa E, kisima cha saba,
punda akalia chini ya dirisha kama aliyedhulumiwa urithi,
na Kahindi akachungulia mlangoni: ufunguo wa jokofu uko wapi?
Nikamjibu.
Nikarudi.
Saba, au nane?

Nikainamisha sahani kwenye mwanga, nikafumba jicho moja.
Tone dogo vile halina kimo.
Maji juu ya maji hayaachi unyayo,
na tone halifumuliki.

Ndipo nikatazama kasha la ncha, mkono wa kushoto.
Kila kisima na ncha yake mpya, huo ndio mwiko wetu,
nami huzichomoa kwa mpango ule ule wa sahani.
Tundu la E saba lilikuwa tupu.
La nane lina ncha yake, safi, imesimama.
Na pipeti yangu i uchi; ya mwisho imo ndooni.
Palipo pengo ndipo palipofanyika kazi.

Nane, basi.

Sasa zimo ndani ya kiatamizi, nyuzi thelathini na saba,
zitalaliwa siku mbili kama mayai.
Ijumaa tutasoma. Huenda dawa hizi zapatana,
huenda kila moja yamvuta mwenzake shati.
Daftarini, mkabala wa E saba, nimeandika: punda.