Yah: Mkono

Julai, Njombe. Sakitu imelala juu ya kabichi,
nami nangoja jua lifike dirishani
ndipo vidole vikubali kushika kikombe.
Kalamu bado. Kalamu ni ya saa nane, siku ikiwa njema.

Kwa hiyo barua ameiandika Tulizo,
mtoto wa Mama Mbilinyi, darasa la tano,
anayekuja kwangu kujifunza insha
kwa sado moja ya viazi kila juma.
(Niliwahi kupiga hesabu: viazi vingapi muhula mmoja wa chuo?
Nikaacha. Bodi haina ghala.)

“Andika: Ndugu Afisa Mikopo. Ruka mstari. Andika: Yah.”
“Yah ni nini, Mwalimu?”
“Ni pale unapotaja jambo bila kuzunguka.”

Akaandika, ulimi nje,
kwamba nilihitimu, nikafundisha miaka minne;
kwamba mlikata kila mwezi kabla sijauona mshahara
na sikunung’unika, maana kiti nilichokalia chuoni
kuna mwingine alikuwa anakingoja;
kwamba baridi yabisi ilianzia kidole cha chaki,
ikapanda, ikajenga;
kwamba shule ya watu haimweki
mwalimu asiyefika ubaoni;
kwamba mimi naugua, deni haliugui,
linaamka alfajiri na kuongezeka.
Siombi msamaha. Naomba adhabu isimame, nami nipumue.
Na Baba mdogo Eliuda, mdhamini,
aliyetia dole gumba kwa sababu hakusoma,
asipigiwe simu tena. Ana presha.
Kila namba ngeni ikiita
anavaa koti, anakaa mlangoni, anangoja polisi.

Kisha nikaisoma. Mwandiko safi, umeinama kidogo
kama mahindi baada ya upepo.
Mahali pawili tu herufi zimehama.
Nilisema, mkono wangu umevimba;
ameandika, *mkopo wangu umevimba.*
Nilisema, niruhusiwe kulipa mkopo kidogo kidogo;
ameandika, *niruhusiwe kulipa mkono kidogo kidogo.*

Kalamu nyekundu ilikuwa mezani.
Miaka minne sikuwahi kuliacha kosa la tahajia lipite.

“Nimekosea, Mwalimu?”
“Hapana.”
“Na hapa chini, sahihi?”

Nikavuta kidau cha wino karibu,
nikachovya dole gumba,
mimi mwenye shahada,
nikalibandika pale, jeusi, limevimba,
chini ya jina langu kamili.