Vichwa Sita vya Hudhurungi

Alhamisi, baada ya isha, Al-Hail,
tunamwaga vitofali juu ya busati
kwa kishindo cha mchele
uliomponyoka mtu jikoni.
Azza, mke wangu, anapitisha kahawa
na hapiti bila neno:
“Mtu mzima ovyo! Rial arubaini na mbili!”
Namwambia wenzangu wananunua rimu za gari.

Tuko wanne. Shinuna, daktari wa meno,
hagusi kitu kabla hajakipanga kwa rangi.
Mundhir wa idara ya maji
anasoma maelekezo kama mkataba wa mkopo.
Biju, fundi wa lifti, mtu wa Kerala,
Kiswahili kakiokota kwangu kazini,
matusi kwanza, salamu baadaye.
Na mimi, Nasor, hamsini na mmoja,
magoti yanaalika kuliko vitofali.

Mwezi huu tunajenga Ruwi:
mnara wa saa, kituo cha mabasi,
duka la vitambaa lenye marobota ya plastiki,
benki.

Ikifika zamu ya vijitu, ubishi.
Mundhir anashikilia njano.
“Njano si ya mtu, ndiyo maana ni ya wote.
Utotoni sikuwahi kumuuliza kijitu kabila lake.”
Shinuna hainui macho:
“Hukumuuliza. Ulishajiona.”

Yeye miaka minne kautafuta mtandio.
Alipoukosa, akakata kofia ya askari wa ngome,
akaisugua kwa msasa, akaipaka samawati.
Wenye msimamo mkali wakamwambia:
kukata kitofali ni dhambi.
“Basi dhambi yangu imejistiri,” akasema,
“na iko kwenye foleni ya benki.”

Boksi zima, vipande mia nane, alilinunua
kwa ajili ya kichwa kimoja
kilichochorwa kifaa sikioni,
kidogo mfano wa punje ya ufuta.
Mwanawe Laith, avaaye kama hicho,
alikwenda nacho shule mfukoni.
Kikatoka kwenye mashine ya kufulia
sikio tupu.
Shinuna alikirudishia kwa ncha ya sindano,
mkono ule ule unaoziba meno ya watu,
na usiku ule, anasema, ulitetemeka.

Nami nilikuwa na vyangu:
vichwa sita vya hudhurungi,
posta wiki tano, ushuru juu.
Nikavipachika haraka haraka, mwenye furaha,
nani wapi, nani wapi,
kisha nikarudi nyuma niutazame mji wangu.

Mmoja ana ufagio.
Wawili wako juu ya jukwaa la mafundi.
Mmoja chini ya uvungu wa lori,
mmoja anaosha gari lisilo lake,
mmoja kajitwika mtungi wa gesi.
Na ndani ya benki, kwenye kiyoyozi,
njano, njano, njano.

Hakuna aliyenituma. Mkono ulikwenda wenyewe.
Mimi, ambaye darasa la tatu hapa hapa Maskati
mwalimu aliniita kwa jina la kisiwa
miezi saba kabla hajalijua langu.

Biju alitazama. Hakusema kitu.
Akamtua yule mtungi wake wa gesi,
akamtafutia kikombe, kile kidogo cheupe,
akamkalisha kwenye benchi chini ya saa.
“Leo kwake Ijumaa,” akasema,
akaomba tende.

Basi nikamchukua wa ufagio
nikampeleka benki awe meneja.
Hakuenea. Kiti kilikuwa kimegandishwa mbali,
kaunta imemfika puani.
Mundhir, mzee wa maelekezo,
alifungua kitabu, akakifunga,
akaanza kuibomoa kaunta kwa kucha.

Azza karudi na birika, kainama.
“Na huyu? Mbona hana nywele?”
Hakungoja jibu. Kaweka birika chini,
kaingiza mkono chini ya kochi
mpaka begani.