Mlangoni pa Mzinga

Mihambo alishuka basi la Sikonge
viatu mkononi, kikohozi kifuani,
na bahasha ya kaki yenye picha mbili za mapafu
ambazo kila daktari aliziinua dirishani
akasema, "Hm."

Makohozi tumeyapima mara tatu. Si kifua kikuu.
Kuna kivuli. Kivuli cha nini, picha haisemi.
Sindano ya kupita katikati ya mbavu aliikataa:
"Mimi si robota la tumbaku
la kuchokonolewa na mnunuzi anayetafuta daraja."

Basi nikatoa damu, vijiko viwili.
Akauliza natafuta nini humo.

Nikajaribu. Nikasema seli haikai kimya,
usiku na mchana hutema vifuko.
Unywele wako mmoja upasue mara mia nane,
unene wa kipande ndio kimo cha kifuko.
Na ndani yake mna habari za nyumbani:
protini kidogo, mstari mmoja wa maandishi ya seli.
Zamani wasomi waliviita taka.
Seli inafagia uwanja wake, walisema, basi.
Sasa sisi tunaziokota taka hizo, tunazisoma.

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi wake mwenyewe.

"Mizinga yangu thelathini na mmoja
iko msituni Ipole, juu ya miyombo.
Unadhani kila wiki napanda kuifungua?
Nyuki wangenihama.
Nasimama chini. Natazama kilichodondoka.
Mabuu yaliyokauka, kuna maradhi kwa watoto.
Unga wa nta, nondo ameingia.
Mabawa matupu, usiku palikuwa na vita.
Mzinga una mdomo, lakini hausemi kwa mdomo.
Husema kwa kinachotupwa."

Nilizungusha damu yake hadi saa tisa usiku.
Umeme ukakatika, jenereta likakohoa kama yeye,
garimoshi la Mpanda likapita
na mirija ikagongana kwenye kishikio chake.

Niseme ukweli: kipimo hiki bado kichanga,
kiko kwenye utafiti, na hukosea.
Mwezi wa nne kilimtisha bure mama mmoja wa Cheyo,
wiki mbili hakula.
Tunatia rangi; kifuko chenye alama tunayoiwinda
hung'aa, kijani, kama jicho la paka uvunguni.

Vya Mihambo viling'aa.
Si vyote. Vya kutosha kunifanya nirudie.
Nikarudia.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi la nje.
Neno la ugonjwa lilikuwa ulimini, likagoma kutoka.
Nikasema, "Kuna unga."

Akavua kofia, akaikung'uta gotini
ingawa haikuwa na vumbi.
"Mwingi?"

Sijui, nilimwambia. Mimi nasikia kelele tu,
chumba inakotoka sikijui.
Lazima mtu apande, afungue.

Pale mwisho wa benchi mwanamke alikuwa akimmenyea mtoto chungwa.
Mihambo aliifuata ganda hilo kwa macho
hadi likakatika.
Kisha akanyoosha mkono:
"Lete hiyo karatasi ya sindano.
Nikiona unga chini, huwa siendi nyumbani kulala.
Huwa natafuta kuni za moshi."

Akaweka sahihi kwa herufi kubwa,
M ya kwanza ikatoka nje ya mstari.

Jioni ilikuwa zamu yangu kufagia.
Vumbi jekundu la Tabora, kifuniko cha mrija,
kipande cha pamba, na bawa moja la nyuki,
labda lilitoka kwenye mkunjo wa koti lake, labda dirishani.

Pipa lilikuwa hatua mbili.
Nikasimama na kizoleo mkononi,
nimeinama, natazama.