Orodha ya Bei, Kadutu

Kompyuta ya Bisimwa imeng'oka kitufe kimoja,
cha herufi n; tunakibonyeza kwa njiti ya kiberiti.
"Ukurasa ni nguo iliyokwisha kukatwa," anasema.
"Ukitaka kutia rangi kipande kimoja tu,
ingia pale lebo inapofunguka, kabla haijajifunga.
Andika mtindo, alama ya sawasawa, fungua mtajo.
Taja kitu, nukta mbili, taja unavyokitaka."

Mimi ni mtoto wa mshonaji. Niliona sindano tupu:
nukta mbili ni vifungo vya kola, kimoja juu ya kingine,
nukta mkato ni fundo na mkia wake wa uzi.

Fundo nikalisahau.
Rangi na ukubwa vikagongana, vikakimbia vyote,
maandishi yakabaki meusi kama masizi ya koroboi.
Bisimwa akacheka mpaka akakohoa.
"Hii haikisii, dada. Haina huruma ya kukisia."

Orodha yenyewe Mama aliiandika
nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
libaya la kawaida, franka elfu kumi na tano
libaya la mikono ya puto, elfu ishirini na mbili
kubadilisha zipu, elfu mbili
sare ya shule, mtoto asiye na mzazi, bure

Huo wa mwisho ndio nilioutaka.
Nikautia wekundu wa pilipili,
nikaukuza, nikaunenepesha,
nikautandikia manjano chini yake.
Mistari mingine haikujua kitu.
Ndivyo ulivyo mtindo wa kushonea palepale:
unamvisha mmoja,
jirani yake anabaki na shati la jana.

Umeme ukakatika. Tukangoja.
Ukarudi saa kumi na moja, na mvua, na matope ya Kadutu
yakiteremka ngazi kabla ya watu.

Mama hakuondoa mguu kwenye kanyagio.
Akatazama simu kidogo, kastabani kidoleni.
"Nsimire, ile mustari iko inapiga makelele."
Nikamwambia, ni ili wauone.
"Watauona. Mwenye shida anasoma mpaka chini.
Mutoto wa sare ya bure,
unataka aingie humu na taa nyekundu kwa kichwa?"
Akakata uzi kwa meno.
"Tosha ile rangi."

Nikafumua usiku, nikirudi kinyumenyume:
fundo, wekundu, vifungo viwili,
ukubwa, unene, manjano.
Bisimwa akauliza, basi siku nzima imepotea?

Sikumjibu. Nilikuwa nimeacha kitu kimoja
ndani ya lebo, mahali asipotazama mteja:
nafasi ndogo juu ya mstari ule,
upana wa uzi, si zaidi,
ili jicho lipumzike kabla ya kufika.

Mama bado hajaigundua.
Au ameigundua, anapima tu kwa macho, kimya,
kama anavyopima mabega ya mtoto
bila kumgusa.