Kistari

Chokaa iliisha kwenye kona ya tatu,
tukamalizia na unga wa uwele.
Mbuzi wa jirani wakaja kuulamba mstari,
skauti mmoja akapata kazi ya kutwa.
Ndivyo Kongwa tulivyoandaa michezo ya kanda, mwaka wa tisini na tatu,
upepo ukileta harufu ya ng'ombe kutoka ranchi,
mgeni rasmi kashika kofia yake kwa mikono miwili.

Mimi nilipewa kengele:
rimu ya lori, imening'inizwa golini,
na kipande cha nondo cha kuigongea.
"Mwalimu wa hesabu," walisema, "wewe hukosei."
Mizunguko kumi na miwili na nusu.
Ile nusu ilipopita nikaokota kokoto kumi na mbili, mfuko wa kushoto;
kila wakipita, moja nahamishia kulia.
Hesabu ya darasa la kwanza.

Walikuwa wanane, peku.
Salama Kimolo wa Kondoa mbele, ametulia kama maji ya mtungi,
Yunisi Ntandu wa Singida kisigino chake,
viwiko vimechongoka,
na mkiani kabisa Perusi Chilongani wa Mlali,
ngumi ya kulia imefumbwa,
shingo imelala upande kama anayesikiliza jambo.
Sikujua amefumba nini. Nilidhani ni hasira.

Vumbi. Kokoto.
Vumbi. Kokoto.
Perusi akapita mmoja, akapita wengine, hata sikuona lini.
Kushoto ikabaki moja, nikagonga rimu.

Lo, uwanja ulivyopasuka!
Salama na Yunisi bega kwa bega,
wakakata utepe, wakaanguka kwenye unga,
mwenye saa akabonyeza, watu wakaruka kamba.
Perusi alikuwa wa tatu.
Akaukanyaga mstari
akapita.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, acha niandike ukweli.
"We binti, yamekwisha!"
"Mkamateni, jua limempanda kichwani!"
Muuza karanga alimkimbiza na kikombe cha maji
akaishia kwenye kona, maji yote yamemwagika.
Hakugeuka.

Mita mia mbili, na kicheko chenyewe kikakosa pumzi.
Upande wa mbali aliongeza mwendo,
peke yake, akishindana na nani sijui.
Mbuzi wakampisha.
Nikaingiza mkono mfuko wa kushoto kutafuta leso
na kidole kikatokea nje, kikagusa paja.

Kona ya mwisho uwanja mzima ulikuwa umesimama
bila mtu kuambiwa simama.
Hapakuwa na utepe. Hapakuwa na saa.
Alivuka, akatukunjulia kiganja mezani:
jasho, na ganda jekundu la mtama.
"Kila mzunguko punje moja," alisema.
"Nilibeba kumi na mbili. Zimekwisha."
Kisha akaomba maji.

Kamati ilikaa mpaka karabai ikawashwa.
Medali zilikwishatolewa, mgeni rasmi alikwishapanda gari.
"Mwalimu, wewe ulihesabu ngapi?"
Wote wakanitazama, na mimi nikatazama kengele.
"Kumi na mbili," nikasema.

Suruali ile mke wangu aliishona juma lililofuata,
akauliza nimebeba nini kizito hivyo.

Daftari ninalo hadi leo. Mchwa wamekula majalada,
ukurasa huo wameuacha.
Kimolo: dakika kumi na saba, sekunde ishirini.
Pembeni, kwa wino mwekundu: rekodi mpya ya kanda.
Ntandu: kumi na saba, ishirini na moja.
Chilongani: kistari.

Mwandiko ni wangu.
Ni kifupi, hakifiki hata upana wa ukucha.
Mita mia nne, na watu wote wamesimama.