Saa Moja Haijafika

Mimi ndiye ninayeandika ubao, na mimi ndiye ninayeufuta.
Saa kumi na moja jioni, kwa chaki ya bluu:
SAA YA FURAHA. Bia mbili bei ya moja.
Mishikaki ya pweza, nusu bei.
Saa moja kamili nachukua kitambaa kibichi
na furaha yote inaishia kiganjani mwangu.
Ndiyo maana Pasua nzima inanisalimia kwa adabu.

Yupo Elifuraha, mchomelea mageti wa kona ya pili,
anayedai saa hii ni yake, jina lake limo ubaoni,
kwa hiyo alipe nusu ya nusu.
Wapo manesi wawili wa zamu ya usiku
wanaokunywa supu wakiwa wamesimama, viatu vyeupe,
supu ileile ya pweza ambayo wanaume
huiagiza kwa sauti ya chini.
Yupo Bwana Lyaruu. Babu yake, kule Kirua,
alikufa akiamini samaki ni nyoka
aliyeogopa nchi kavu.
Lyaruu alikuja mara ya kwanza ili acheke.
Siku hizi anavunja kaa kwa koleo la Elifuraha
na hataki kusemeshwa.

Sanduku hupanda basi Tanga.
Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo:
linalipiwa nauli ya mtu mzima na halina kiti,
linatoa maji njia nzima, abiria wanakunja miguu.
Mama Mhina, mzaliwa wa Pangani, hulifungua mwenyewe.
Huinusa barafu kwanza, kisha samaki.
Anasema barafu haijui kudanganya.

Ijumaa ile umeme ulikatika saa sita mchana.
Kufikia jioni friza lilikuwa linadondosha
tone, halafu tone, chini ya mlango,
nami nikipiga deki, napiga tena.
Changu wanane, ngisi wa kilo sita, kamba wa harusi ya Jumamosi.
Nje, Kibo ilijifunua ghafla, haina wingu,
barafu yake ikiwa na wekundu wa mwisho.
Mama Mhina aliitazama kama mtu anayemdai jirani.
"Yote ile," akasema, "na haishuki hata kilo moja."

Nikaenda kwenye ubao na kitambaa changu.
Watu wote wakatazama ukutani:
saa, ile tuliyopewa na kampuni ya rangi,
imesimama kwenye kumi na mbili na dakika hamsini.
Betri ilikuwa imezeeka. Au kuna mtu mrefu
aliyeegemea ukuta ule mchana; sitaji jina.
"Saa moja haijafika," Elifuraha akasema.
Na simu zote, moja baada ya nyingine, zikalala kifudifudi mezani.
Ghafla Pasua hapakuwa na mtu mwenye chaji.

Nilimtazama Mama Mhina.
Alikuwa anakoleza mkaa kwa kifuniko cha sufuria.
Hakugeuka.
"Weka kitambaa chini, mwanangu. Leteni sahani."

Basi tukala friza zima.
Tulikula kwa taa ya pikipiki iliyoelekezwa mlangoni,
tukala harusi ya watu wengine, kamba kwa ganda,
na manesi wakachelewa zamu,
na Lyaruu akamlisha ngisi mtoto wa fundi viatu
akimwambia, tafuna, hang'ati.
Mama Mhina, ambaye sijawahi kumwona ameketi,
aliketi juu ya kreti la soda, akihesabu kwa vidole
kitu ambacho hakutuambia.

Umeme ulirudi saa tisa usiku, wa kumwangazia nani sijui.
Asubuhi nilihesabu droo:
imepungua elfu kumi na nne.
Na chini ya sarafu, betri mpya,
bado ndani ya karatasi yake.
Nimemwuliza Elifuraha. Ameapa kwa mama yake.
Nimemwuliza Lyaruu, amenirudishia swali.

Iko mfukoni mwa aproni yangu tangu siku ile.
Ubao naufuta kwa saa ya simu, kwa haki.
Ile ya ukutani, bado sijaigusa.