Kituo cha Nne

Saa nne usiku, Kyenjojo, mvua imekatika.
Kiwanda kinanuka majani mabichi na grisi.
Nafungua kabati la umeme kwa bisibisi
maana ufunguo, wanasema, aliondoka nao Rusoke
alipofuata kazi ya mafuta kule Hoima.

Kiendeshi kiko pale, kijivu, kimetoa jicho:
kumi na mbili, nukta, sifuri.
Feni ya hori la sita inajikokota tangu jana,
haipandi hata ukiibembeleza,
na chai ya watu inachachia ndani.
Meneja amenitoa Jinja kwa simu mbili na ahadi moja:
"Futa kila kitu. Kirudi kama kilivyozaliwa."

Kama kilivyozaliwa.
Nimefuta vingi mimi. Kitufe kimoja, ukihesabu hadi tano,
na akili ya mtu imeyeyuka kama chumvi mtungini.
Lakini usiku ule kidole kilisita,
kikaanza kupekua kigezo kimoja kimoja.

Kupanda kasi: sekunde arobaini.
Arobaini! Nani huamsha feni
kama anayeamsha mtoto mwenye homa?
Kasi ya juu: hezi arobaini na saba, si hamsini.
Relei ya pili: piga honi joto likizidi.
(Honi yenyewe haipo. Zimebaki skrubu mbili ukutani.)
Kituo cha kwanza, washa. Cha pili, zima.
Cha tatu, samehe hitilafu, anza upya.
Cha nne
kimeandikwa kitabuni kuwa ni cha akiba, hakina kazi.
Rusoke alikipa kazi:
kikiguswa, shuka hadi kumi na mbili, tulia hapo,
usipande hata ukiamriwa
mpaka kiachiliwe.

Nikaufuata waya wake.
Wa kijani! Kijani ni rangi ya ardhi, hata mwanafunzi anajua;
nikamlaani Rusoke kidogo, kwa mdomo.
Umefungwa kwa ukambaa wa mgomba juu ya bomba,
umezama chini ya hori, umeibukia ng'ambo
kwenye swichi ya kengele ya mlango
iliyovalishwa kaveera, kimo cha goti.

Mama mmoja alisimama hapo, majani hadi viwikoni.
Kabahenda, mtandazaji wa zamu ya usiku.
Akaniuliza empaako yangu kabla ya jambo lolote.
Nikasema kwetu Tororo hatuna.
"Basi wewe Araali," akasema, kama anayenipa kiti.

"Hiyo ni ya goti langu, Araali.
Mikono ikijaa, nasukuma hivi, upepo unapoa,
vumbi la majani haliniingii jicho hili.
Lile lingine lilishakwenda.
Rusoke alinipima goti kwa utepe. Hakucheka."

Na ile sekunde arobaini?
"Nipate kutoa kichwa," akasema,
akarudi kutandaza.

Nikaivua swichi kaveera lake.
Utomvu wa chai, mweusi, mzito kama gundi,
umekishika kitufe, kimebonyea siku nzima
bila goti la mtu.
Kitambaa, spiriti kidogo, pumzi yangu.
Tak.
Nikahesabu kwa sauti pamoja na kioo:
ishirini na moja, thelathini na nne,
majani yakaanza kunong'ona juu ya wavu,
arobaini na saba.

Meneja akatokea na mwavuli mkavu.
"Umefuta?"
"Imepona," nikamjibu, na hakuuliza tena.

Nilibadilisha kitu kimoja tu: waya ule wa kijani
niliuviringishia utepe mweusi ncha zote mbili,
asije fundi mwingine akaupeleka ardhini.
Kisha nikaandika kwa penseli ndani ya mlango wa kabati,
kwa herufi kubwa, maana mwanga pale ni hafifu:
KITUO CHA NNE NI GOTI LA KABAHENDA.
ULIZA KWANZA.

Nyuma yangu feni ikashuka sauti, ikatulia,
ikangoja,
ikapanda tena polepole.
Alikuwa anaijaribu.